Kwa Mama, Kuhusu Nyuki Niliowaua

Mama,

Sitakuuliza u hali gani. Yangu ndiyo nitakueleza, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza, na nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotaka. Nilipokuwa shule ya bweni ulikuwa ukisema, "Dholuo tutaongea ukija nyumbani. Kwenye karatasi niandikie Kiswahili, nione kama walimu wenzangu wanakufundisha au wanakunywesha uji tu." Barua zangu ulinirudishia zikiwa na wino mwekundu kila mstari. Hii hutaisahihisha. Na kosa kubwa lililomo si la sarufi.

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukulaze pale upande wa kushoto wa nyumba yako. Nimekaa kwenye meza uliyokuwa ukisahihishia madaftari, dirisha linalotazama ziwa liko wazi. Usenge iko vilevile. Wanawake wameanika omena, dagaa wa ziwa letu, tangu alfajiri, harufu inaingia mpaka kwenye chai. Mama Risper, jirani yako, amepita akanisalimia kutoka njiani bila kuingia. Wengi siku hizi hunisalimia kutoka njiani.

Mama, kuna jambo nililijua na wewe hukulijua. Au labda ulilijua, ukaninyamazia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Unakumbuka ulivyonipigia simu, ule msimu wa matikiti? Nilikuwa bado naishi mtaa wa Kaloleni na nauza kwenye duka la dawa za mimea na mifugo kule Kisumu mjini. Ulisema vidukari wamejaa kwenye kunde, wale weusi wadogo wanaoganda kwenye shina kama masizi, na sasa wameanza kuingia kwenye matikiti na maboga. Nilifurahi, Mama. Usinielewe vibaya, sikufurahia hasara yako. Nilifurahi kwa sababu maisha yangu yote wewe ndiye uliyekuwa Mwalimu, na kwa mara ya kwanza ulikuwa unaniuliza mimi.

Nilikuja Jumamosi na chupa moja ya dawa na pampu ya mgongoni niliyoazima dukani. Jumapili asubuhi, wewe ukijiandaa kwenda kanisani, nikaingia shambani. Maua yalikuwa yamefunguka kila mahali, ya boga manjano makubwa kama vikombe, na nyuki walikuwa ndani yake. Niliwasikia. Shamba zima lilikuwa linavuma.

Kwenye chupa palikuwa na picha ya nyuki, na chini yake maneno: usinyunyize mimea inapochanua. Sikuyasoma siku hiyo kwa sababu nilikuwa nayajua kwa moyo. Kila wiki nilikuwa napanga chupa zile kwenye rafu, picha ikitazama mbele. Lakini jioni nilitakiwa kuwa nimerudi Kisumu, na kungoja maua yaishe kulimaanisha kuja safari nyingine, nami sikutaka safari nyingine.

Ukatoka mlangoni na kitambaa chako cha kichwani kikiwa hakijafungwa vizuri. Ukauliza, "Akinyi, nyuki hawataumia kweli?"

Nikakwambia, "Mama, hii inaua wabaya tu."

Ukaniamini. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa nusu ya kijiji hiki kusoma, akaamini sentensi ile ya kijinga, kwa sababu aliyeisema alikuwa bintiye. Ukaenda kanisani. Mimi nikapiga pampu.

Wiki hiyo hiyo uliniambia kwenye simu, "Leo nimefagia nyuki mlangoni. Wamejaa koleo." Walikuwa wale wa kwenye mtungi uliopasuka, ulioegemea ukuta wa ghala, ambao ulikataa usitupwe kwa sababu wageni wale walikuwa wameshahamia. Nikasema, "Labda ni baridi."

"Baridi?" ukauliza. "Hapa Usenge?"

 Nami nikaanza kukueleza habari za dukani.

Vidukari walikufa, hilo ni kweli. Kunde zilipona, zikawa nzuri, nawe ukawaambia wenzako wa kikundi cha akina mama kanisani kwamba mtoto wako anajua kazi. Wakaja dukani mmoja mmoja, na waliposhindwa kuja nikawaletea mwenyewe. Mama Risper alichukua. Wa kule mtoni walichukua. Mwenye duka akanisifu mbele ya wengine, akasema laiti angekuwa na wauzaji watano kama mimi. Nilitembea na sifa ile kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kisha maboga yakaanza kuoza yakiwa madogo kama ngumi ya mtoto. Yanatoka, yanageuka manjano, yanalainika, yanaanguka. Matikiti vilevile. Watu wakasema ni ugonjwa. Wengine wakaja kwangu kuuliza dawa ya ugonjwa huo, nami, Mungu anisamehe, nikawauzia.

Jikoni kwako nako palinyamaza. Ulikuwa ukilalamika juu ya wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, unga wa mbao ukianguka hadi kwenye sufuria ya ugali. Kila mara ulitishia kuwafukiza na kila mara ulihamisha sufuria tu. Nilipokuja Krismasi sufuria ilikuwa imerudi mahali pake, katikati ya meko. Hakuna kilichokuwa kinaanguka. Nilikula ugali ule nikitazama chini.

Mama, siyo mimi peke yangu niliyefanya haya. Nataka niwe mkweli pande zote. Mafunjo ya kando ya kijito yamechomwa ili watu wapande nyanya hadi majini. Vichaka vimefyekwa. Ochieng' kaka yangu alipojenga ile nyumba yake ya mabati alimwaga dawa ya mchwa kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, nasi sote tukaona ni jambo la busara. Kila mtu ameua kidogo, na kila mtu akitazama kidogo chake haoni maiti. Lakini mimi chupa yangu naijua, na asubuhi yangu naijua.

Msimu uliofuata nilikuja bila kukuarifu. Nilikukuta katikati ya maboga, miguu mitupu, gauni umelikunja kiunoni, umeinama na ua mkononi. Ulikuwa umelichuna petali zote ukabakiza ule mti wa katikati wenye vumbi la manjano, unaugusisha kwenye ua lingine, polepole, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya macho.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nafanya kazi ya wengine," ukasema. "Wenyewe hawaonekani."

Ukanionyesha bila kuinua kichwa. Lenye kiboga kidogo shingoni ndilo jike. Lenye kikonyo kirefu kitupu ndilo dume. Dume moja linatosha majike matatu, ulisema hivyo ukacheka, ukaongeza kwamba wanaume wa Usenge wasisikie. Nikafanya nawe mistari miwili. Mgongo uliniuma hadi nikaona giza. Wewe ulikuwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwenye presha, na ulikuwa ukifanya hivyo kila asubuhi.

Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu na umande ulikuwa bado haujakauka. Ningesema, Mama, ile Jumapili nilijua. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Upumzike sasa, jua linapanda."

Ukanitazama kwa muda mrefu. Macho yale ya darasani, ya kumngoja mtoto ambaye anajua jibu. Kisha ukasema, "Haya, twende tukanywe chai."

Ochieng' aliponipigia simu nilikuwa nyuma ya kaunta, namwelekeza mteja kuchanganya dawa ya nyanya. Alisema umeanguka jikoni na hukuamka. Nilimalizia kumweleza yule mteja. Sijui kwa nini. Nilimwambia vifuniko viwili kwa pampu moja, nikamfungia chupa kwenye karatasi, nikamwambia karibu tena, kisha nikakaa chini sakafuni.

Mazishi yako yalijaa. Wanafunzi wako walikuja wakiwa na mvi. Waliweka hema juu ya shamba la maboga kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, na watu wakayakanyaga. Nilifikiri nitalia kwa ajili yako, lakini kilichonitoa machozi ni kuona kiatu cha mtu kikiwa juu ya boga ulilolizalisha kwa mkono wako.

Wiki moja baadaye watu walipokuwa wameondoka, Mama Risper alikuja kuosha vyombo vilivyoazimwa. Nikamwambia pale pale karoni. Sikupanga. Nilisema nilijua picha ile ya nyuki ina maana gani, nilijua ile Jumapili, na nilijua kila mara nilipomletea yeye chupa.

Akaacha kuosha. "Haki Akinyi, we ulijua?"

"Nilijua."

"Na Mwalimu? Alijua?"

"Sijui."

Akasuuza sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Mimi nilifikiri ni laana. Nilikuwa naomba, nafunga. Kumbe ni wewe." Akajipangusa mikono, akaenda zake. Sufuria zilizobaki nikaosha peke yangu.

Nilirudi kazini kwa miezi mitatu. Siku moja akaja mzee wa kutoka pande za Bondo, anataka dawa, maharagwe yake yamechanua na yana wadudu. Nikamwambia, "Mzee, ngoja maua yaishe. Na ukipulizia, pulizia jioni nyuki wakishalala. Kwanza jaribu maji ya sabuni." Akaondoka bila kununua. Mwenye duka alikuwa nyuma yangu. Hakunikaripia, aliuliza tu kwa upole, "Wewe Akinyi, unauza au unahubiri?" Wiki iliyofuata nilimwambia sijui kuuza tena. Nikafunga vitu vyangu vya Kaloleni kwenye masanduku mawili, nikaja hapa.

Unajua kijiji. Binti mzima, asiye na mume, kurudi kukaa kwenye nyumba ya mama yake aliyekufa si jambo ambalo watu huliacha lipite. Ochieng' alikuja kutoka Nairobi anakofanya kazi, tukaongea. Alikuwa amepata mtu wa kukodi shamba lote, la juu na la chini, alime nyanya za kuuza mjini. Mtu mwenye mashine ya maji na pampu za dawa zinazoendeshwa kwa injini. Nikamwomba asubiri.

"Unataka kufanya nini na shamba, Akinyi?"

"Nataka wadudu warudi."

Akacheka, si kwa ubaya. Akanyoosha mkono dirishani, ziwani. Asubuhi ile sami walikuwa wameinuka, wale nzi wa ziwa, wingu kubwa jeusi limesimama juu ya maji kama moshi wa meli. "Wadudu hao hapo," akasema. "Wamejaa puani. Unataka wangapi?"

Nikamweleza kwamba sami hawazalishi boga. Kwamba hata wingu lile halimwambii mtu kama nyuki wapo, kama vile watu wengi sokoni hawakuambii kama ndugu yako yumo.  Akanipa hadi mavuno ya masika.

Mvua ya kwanza ilipopiga nilikwenda na beseni kwenye kile kichuguu cha nyuma ya choo. Unakumbuka tulivyokuwa tukifunika kichuguu kwa blanketi mchana, tunagonga vijiti ardhini ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha? Wewe ulikuwa unagonga kwa mahadhi na kutukataza kucheka. Walitoka wengi hata tukawagawia majirani. Mwaka huu niligonga peke yangu, hadi mkono ukafa ganzi. Walitoka kiasi cha kujaza kiganja. Niliwatazama wakipanga mabawa yao, kisha nikaondoa blanketi wakaruka. Sikuwa na moyo wa kuwakaanga. Nilirudi ndani na beseni tupu, na nilitamani sana mtu aniulize umepata wangapi.

Shamba nikalifanya hivi. Ukingoni mwote nimeacha kishona-nguo na magugu mengine yachanue, na watu wanasema shamba la Mwalimu limevamiwa na uvivu. Nimepanda alizeti katikati ya kunde. Nimelaza magogo makavu kwenye uzio, nikatoboa matundu ya wale nyuki weusi kuingia. Vidukari wakija nawaosha kwa maji ya sabuni, shina kwa shina. Kila asubuhi nachukua ua dume na kuanza mstari wa kwanza. Wanawake wanaokwenda kununua samaki wananiita binti wa Mwalimu kutoka barabarani, "Nyar Mwalimu! Leo unaozesha wangapi?" Nawajibu, nao wanacheka wanapita. Yanakuwa ndiyo maongezi yangu ya siku.

Nilisimama pia kanisani. Kikundi chako cha akina mama kilikuwa na mkutano baada ya ibada, nikaomba dakika tano. Niliwaambia yote, kama nilivyomwambia Mama Risper, na picha ya nyuki nikaichora ubaoni ili kila mmoja aijue. Mmoja aliinuka akatoka. Mwingine aliuliza kwa nini niseme sasa, wewe ukiwa kaburini na huwezi kuniadhibu. Nikasema nilipaswa kusema wewe ukiwa hai. Mama Risper alikaa nyuma. Lakini jirani yangu wa kule mtoni aliniambia baadaye kwamba Mama Risper ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wasipulizie maua yakiwa wazi. Kwangu bado haingii. Labda ana haki.

Masika ile niliacha mstari mmoja wa maboga, ule wa mwisho karibu na kijito, sikuugusa kabisa. Nilitaka kujua. Kila siku niliupita nikijizuia mikono. Viboga vikatoka, vikageuka manjano, vikaanguka, kimoja baada ya kingine, nami nikaviokota nikavifukia. Kisha siku moja nikaona kimoja hakijaanguka. Siku ya pili, bado. Kilikuwa kijani, kigumu, kina ukubwa wa ngumi, kisha wa kichwa. Mstari mzima ulinipa maboga manne, Mama. Manne ambayo sikuyagusa. Kuna mtu alikuja, na mimi sikumwona alipokuja.

Ochieng' alipofika nilimpeleka pale kwanza, kabla hata ya chai. Nikamwonyesha. Alichuchumaa, akaligonga boga moja kwa kidole kama ulivyokuwa ukigonga. "Haya manne ndiyo ushahidi wako?" akauliza. Nikasema ndiyo. Hakucheka mara hii. Alikaa akitazama kaburi lako kutoka pale, kisha akasema shamba la juu atalikodisha, maana ana watoto wa kusomesha, lakini la chini nibaki nalo.

Kwa hiyo sasa juu yangu kuna nyanya, na mwenye nyanya ana injini yake. Upepo ukitoka juu harufu hunifikia. Nilikwenda kwake na karatasi niliyoiandika kwa mkono, nikamwomba apulizie jioni na asipulizie upepo ukielekea kwangu. Jumatatu alifanya hivyo. Jumatano hakufanya. Nitakwenda tena kesho baada ya ibada, na wiki ijayo, hadi achoke kuniona.

Sijui kama itatosha. Nataka kukuambia ukweli, na ukweli ni kwamba asubuhi nyingi nasimama katikati ya maua yaliyofunguka na hakuna sauti yoyote, na mimi ndiye ninayejua ilivyokuwa ikisikika. Upweke wa hapa si wa kukosa watu tu.

Nisamehe, Mama. Sikulisema neno hili ukiwa na masikio, nalisema sasa. Nakuahidi sitamwambia mtu tena kwamba kitu hakidhuru ilhali najua kinadhuru, awe mgeni au awe wa damu yangu, niwe na haraka au nisiwe nayo. Na shamba hili la chini, muda wote nitakapokuwa na mgongo wa kuinama, halitapuliziwa.

Lala, nyar Alego, binti uliyetoka Alego, mwalimu wangu. Ningekaa nawe zaidi, lakini maua ya boga hayamngoji mtu. Jua likishapanda hujifunga, na lililojifunga leo halifunguki kesho. Bado mistari sita.

Mwanao,
Akinyi